Maradhi ya Njia ya Mkojo na Namna ya Kuyahakikisha

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Nabuyoga





Jambo la hotuba hii ni jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja barazani. Lakini dini iliyomfundisha mtoto adabu za kuingia chooni kabla hajajua kusoma haikuona haya kuutaja mkojo, na vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa katika kila madrasa huanza na mlango wa tohara. Basi si kosa kuutaja hapa mbele ya wazee na mama zao, maadamu nia ni afya ya watu.

Hapa Nabuyoga, na Tororo nzima, na Busia zote mbili, ile ya Uganda na ile ya Kenya, mtu akiungua wakati wa haja ndogo aghalabu hupewa moja katika majina matatu. Akiwa na homa huambiwa ni malaria. Akiwa ni mke aliyeolewa karibuni, au ni mume aliyerudi safari, watu hunong'onezana kwamba ni kisonono. Na siku hizi limezuka jina la tatu, yutiai, ambalo hutolewa dukani na mwuza dawa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza shida yake, kama vile taifodi ilivyokuwa ikitolewa na ingali ikitolewa kwa kila mwenye tumbo. Jina la kwanza laweza kumwua mtoto. La pili limewahi kuvunja nyumba za watu. La tatu humaliza fedha za maskini na kuharibu dawa ambazo kesho zitahitajiwa. Majina haya yote matatu huweza kuwa kweli, na ubaya wake ni mmoja tu, nao ni kwamba hutolewa bila ya ushahidi.

Kwanza ifahamike maradhi yenyewe ni nini. Mkojo hutengenezwa katika figo mbili, hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa njia moja. Vijidudu vinavyoleta maradhi haya aghalabu havitoki mbali. Ni vijidudu vya tumboni mwa mtu mwenyewe, na katika hivyo kikubwa ni kile kiitwacho E. koli, ambacho tabibu Mjerumani Theodor Escherich alikieleza mwaka 1885 alipokuwa akichunguza choo cha watoto wachanga. Kijidudu hiki kikiwa utumbuni hakina neno. Kikipanda katika kibofu huleta kuungua, kwenda haja ndogo mara kwa mara huku kinachotoka ni kidogo, na maumivu chini ya kitovu. Kikifika katika figo huleta homa kali, baridi ya kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni kwa nyuma. Mwanamke hupatwa zaidi kuliko mwanamume, na sababu ni ya maumbile tu: njia yake ya mkojo ni fupi, yapata sentimita 4, na ya mwanamume ni kama sentimita 20. Yakadiriwa kwamba nusu ya wanawake wote duniani hupatwa na maradhi haya angalau mara moja katika maisha yao. Jambo linalompata nusu ya wanawake wa dunia haliwezi kuwa alama ya tabia mbaya.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo juu ya habari ya kisonono, kwani ndipo penye machozi. Msichana huolewa, na baada ya siku chache huanza kuungua. Mume huambiwa na wenzake kwamba ameoa mwenye maradhi ya zinaa, na mke huambiwa na shoga zake kwamba mume ndiye aliyeyaleta. Hakuna aliyepima. Ukweli unaojulikana na kila daktari ni kwamba tendo la ndoa lenyewe, la halali, huweza kuvisukuma vile vijidudu vya kawaida viingie katika njia ya mkojo ya mwanamke, na kwa hiyo maharusi hupatwa na maradhi ya kibofu mara nyingi bila ya yeyote kukosa uaminifu. Sheria ya Kiislamu haikumruhusu mtu kumtuhumu mwanamke mwenye heshima pasipo mashahidi wanne, na hata mume mwenyewe amewekewa kiapo cha lian. Je, yafaa basi talaka itolewe kwa ushahidi wa kuungua tu, hali kikombe kimoja cha mkojo kingeweza kusema kweli?

Wala haisemwi kwamba kisonono hakipo. Kipo, na chahitaji kipimo chake. Kwa mwanamume mara nyingi hujionyesha kwa usaha unaotoka katika njia ya mkojo, na usaha huo ukipakwa juu ya kioo na kutiwa rangi huonekana vijidudu vyake, viwili viwili, vimekaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwa mwanamke mara nyingi hujificha, na kioo hicho hakitoshi. Huhitajiwa kuchukua majimaji ya ndani na kuyaotesha, au kutumia mashine mpya zinazotambua asili ya kijidudu chenyewe. Kikithibitika, mume na mke hutibiwa wote wawili kwa siku moja. Ila ni vyema ijulikane kwamba swali moja la daktari lina thamani kubwa katika jambo hili. Mwanamke anayeungua na kwenda haja mara kwa mara, na hana uchafu wala mwasho ukeni, imeonekana kwamba zaidi ya 90 katika 100 walio kama yeye wana maradhi ya kibofu. Akiwa na uchafu au mwasho, mambo hubadilika na uchunguzi hushika njia nyingine. Kwa hiyo mwanamke anayeulizwa swali hilo asidhani kuwa anavunjiwa heshima. Jibu lake la kweli ni nusu ya kipimo.

Ama habari ya malaria, watu wa sehemu hii hawana haja ya kufundishwa. Huko Nagongera, jirani ya hapa, wachunguzi walihesabu katika miaka ya 2011 na 2012 kwamba mtu mmoja huweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka mmoja. Katika nchi ya namna hiyo, kuiita kila homa malaria hakukuwa upumbavu. Lakini tangu Desemba 2014 nyumba za Tororo zilipoanza kupigwa dawa ya mbu kutani, malaria yalipungua mno kwa miaka kadhaa, na ijapokuwa yaliinuka tena baada ya mwaka 2020, kipimo cha damu cha kutoboa kidole kimeenea. Mama hupeleka mtoto mwenye homa, damu hupimwa, majibu hurudi kwamba hana malaria. Na mara nyingi mambo huishia hapo. Mtoto hupewa dawa ya malaria vilevile, kwa tahadhari, akarudishwa nyumbani.

Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anaungua. Maradhi ya mkojo kwake ni homa tu, au kukataa ziwa, au kutapika, au kulia bila ya sababu. Figo za mtoto zikishambuliwa mara kwa mara bila ya tiba huweza kubaki na makovu ya daima, na vijidudu huweza kuingia katika damu. Kwa hiyo kila mtoto mdogo mwenye homa ambaye damu yake haina malaria, wala hana kikohozi wala kuhara wala sikio bovu, mkojo wake wastahili kutazamwa. Mama anayo haki ya kuuliza, kwa adabu, “Na mkojo je?” Swali hilo ni fupi na halina gharama.

Kuutazama mkojo si jambo lililozuliwa jana. Ishaq bin Sulaiman al-Israili, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Qayrawan chini ya watawala wa Kiislamu, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya mkojo, nacho kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11 na kusomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Ibn Sina, katika kitabu chake Al-Qanun, aliweka masharti ya kuutazama: uwe wa asubuhi, chombo kiwe cha kioo cheupe na safi, mtu asiwe amekula kitu cha kuubadilisha rangi, na kisiwekwe juani. Al-Razi naye aliwakemea wale waliodai kuyajua maradhi yote kwa kutazama chupa tu bila ya kumwuliza mgonjwa neno. Wazee hao hawakuwa na hadubini wala hawakujua habari ya vijidudu, na mengi waliyodhani juu ya rangi za mkojo yameachwa. Lakini sharti la chombo safi na onyo la kutodai zaidi ya kile kinachoonekana bado yangaliko, na katika zahanati za leo ndiyo yanayovunjwa kuliko yote.

Kwani kosa la kwanza hufanyika kabla mkojo haujafika maabara. Mgonjwa hupewa kikopo, akaambiwa “Lete mkojo,” basi. Hujaza tangu mwanzo, au huleta kichupa cha dawa ya kikohozi kilichosuuzwa. Mkojo wa mwanzo huzoa vijidudu vya ngozini, na maabara ikiviona haiwezi kujua kwamba havikutoka kibofuni. Mkojo unaotakiwa ni wa katikati. Mtu hunawa mikono, na mwanamke hujisafisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Huanza kukojoa chooni, kisha bila ya kukata huingiza kikopo na kupokea kiasi, kisha humalizia chooni. Ndani ya kikopo na ndani ya kifuniko kisiguswe na kidole. Waislamu wamezoea maji ya istinjai tangu utotoni, na katika jambo hili mazoea hayo ni msaada mkubwa, mradi maji yatangulie kikopo na birika liwe safi.

Kwa mtoto mchanga huwepo mifuko ya kubandika, nayo si ya kutegemewa, maana huzoa uchafu wa ngozi. Ikiwa mkojo wa mfuko hauna kitu, vyema. Ukiwa na kitu, haijulikani ni cha wapi. Njia bora ni mama kumpakata mtoto aliyekwisha kusafishwa, akawa na kikopo tayari, na kumsugua polepole chini ya kitovu kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Baadhi ya watoto hukojoa kwa hilo. Jambo hili limejaribiwa na madaktari huko Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2017, ijapokuwa mabibi wengi wangeweza kusema kwamba walilijua.

Katika vipimo vyote vya mwili hiki ndicho chenye sitara kubwa kuliko vyote. Mwanamke huingia peke yake, hufunga mlango, hutoka na kikopo kilichofunikwa. Hakuna jicho la mgeni lililomtazama wala mkono uliomgusa. Kadhalika kutoa mkojo hakubatilishi saumu, na aliyefunga hana sababu ya kungoja Ramadhani imalizike ndipo apimwe.

Sasa mkojo umefika. Kipimo cha kwanza, nacho ndicho kinachopatikana katika vituo vingi, ni kijiti chenye viraka vya rangi. Hutumbukizwa, hutolewa, na rangi zake hulinganishwa na zile zilizochapwa juu ya kopo. Viraka viwili ndivyo vinavyohusu habari hii. Kimoja hutafuta alama ya chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili waliokwenda vitani. Kingine hutafuta naitraiti, kitu ambacho E. koli na ndugu zake hukitengeneza kutokana na chumvi zilizomo katika mkojo. Vyote viwili vikibadilika, na mgonjwa ana dalili, ushahidi ni mzuri. Lakini kijiti kina udhuru wake. Naitraiti huhitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa nne, na mtu anayekwenda haja kila nusu saa hawezi kuwa na mkojo wa namna hiyo. Ndiyo maana ule wa alfajiri, kabla ya kutawadha kwa Sala ya Subhi, hufaa zaidi. Tena viko vijidudu visivyotengeneza naitraiti kabisa. Naitraiti ikikosekana, basi, mgonjwa hajatakasika.

Na kijiti chenyewe huharibika. Kopo likiachwa wazi katika unyevu wa masika, au tarehe yake ikipita, au mpimaji akisoma baada ya dakika kumi badala ya moja au mbili zilizoandikwa juu ya kopo, rangi huja yenyewe. Majibu ya namna hiyo ni mashahidi wa uwongo walioapishwa na uvivu.

Kipimo cha pili ni hadubini. Tororo si ngeni kwa chombo hicho, kwani palikuwa hapo makao ya uchunguzi wa malale kwa Afrika Mashariki nzima. Mkojo huzungushwa katika mashine ili kilicho kizito kitue chini, na masimbi hayo huwekwa juu ya kioo. Mpimaji huona chembe za usaha na kuzihesabu, huona chembe za damu, na huweza kuona kimelea cha ukeni kinachocheza, au mayai ya kichocho. Habari ya kichocho yafaa itajwe kwa ajili ya jamaa wenye ndugu wa Pwani, Unguja na Pemba. Huko damu katika mkojo wa mtoto wa shule huweza kuwa ni kichocho cha kibofu, wala si maradhi ya E. koli, na mkojo wake huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Mtoto aliyekwenda likizo Pemba akaoga mtoni, kisha akarudi Nabuyoga akikojoa damu, mama amwambie mpimaji mahali alipokuwa mtoto huyo. Hadubini huona zaidi ikijua inatafuta nini.

Liko jambo moja ambalo mama wajawazito na waume zao wangefaidika nalo sana. Mwanamke mwenye mimba huweza kuwa na vijidudu vingi katika kibofu bila ya kuungua wala kuhisi lolote. Akiachwa hivyo, huweza kushikwa na maradhi ya figo katika miezi ya mwisho, na huweza kuzaa mtoto kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo. Hapa dalili hazisaidii, kwa kuwa hazipo. Kipimo peke yake ndicho kinachojua. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2016 juu ya kuwaangalia wajawazito, lilisema kwamba njia ya kufaa zaidi ni kuuotesha mkojo wa katikati, na mahali pasipo na uwezo huo, utiwe rangi ya Gram na kutazamwa kwa hadubini, wala isitegemewe kijiti. Rangi ya Gram ni kazi ya mwaka 1884, ya tabibu wa Denmark. Haitaki umeme mwingi wala mashine ya fedha nyingi. Kituo chenye hadubini, rangi na mtu aliyefundishwa chaweza kuifanya. Nchini Uganda vituo vya daraja la III na kuendelea vimewekewa utaratibu wa kuwa na maabara, na ada katika vituo vya Serikali ziliondolewa mwaka 2001. Basi kama mama hupimwa damu kliniki, na mkojo wake hutazamwa sukari na protini tu, jamaa wana haki ya kuuliza kwa nini rangi ya Gram haitumiki, na kama ni ukosefu wa rangi, ni kiasi gani cha fedha kingeiondoa kasoro hiyo.

Kipimo kikubwa ni kuotesha. Msingi wake ni ile rojo iliyoganda ambayo Robert Koch alifundisha dunia kuoteshea vijidudu, naye ni yule yule aliyekuja visiwa vya Ssese mwaka 1906 kwa ajili ya malale. Mpimaji huchukua tone la mkojo kwa kitanzi kilichopimwa, hulipaka juu ya kisahani, na kukiweka katika joto la mwili kwa usiku mmoja. Kila kijidudu kilicho hai huzaa kundi linaloonekana kwa macho, nayo makundi huhesabiwa. Mwaka 1956 Edward Kass wa Boston alionyesha kwamba vijidudu 100,000 au zaidi katika mililita moja ni alama ya maradhi ya kweli, na chini ya hapo mara nyingi ni uchafu wa njiani. Kipimo hicho cha 100,000 kimetumika tangu hapo, ingawa sasa hujulikana kwamba mwanamke mwenye dalili zilizo wazi huweza kuwa mgonjwa hata akiwa na idadi ndogo kuliko hiyo. Kikiota kijidudu cha aina moja, hicho ndicho mshitakiwa. Zikiota aina nne au tano pamoja, kikopo kilichafuka, na kazi huanza upya.

Na hapa ndipo Nabuyoga inapopata taabu yake. Kuotesha hakufanywi katika kila kituo. Mkojo huenda ukapelekwa Tororo mjini au Mbale, na aghalabu husafiri kwa boda boda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa katika mpaka huu huu wa Busia. Kikopo hutiwa mfukoni, jua limewaka, na dereva husimama njiani kuchukua abiria wa pili. E. koli akipata joto na chakula huweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Vijidudu 1,000 katika mililita, ambavyo si kitu, kwa mwendo huo huwa 64,000 baada ya saa mbili, na 512,000 baada ya saa tatu. Mtu mzima wa afya huondoka Nabuyoga na kufika mjini mgonjwa, na ugonjwa wake ulipatikana juu ya pikipiki! Ndiyo sababu sheria ya maabara ni kwamba mkojo uoteshwe kabla ya saa mbili, au uwekwe katika baridi ya digrii 4 usizidi siku moja, au utiwe katika chupa yenye asidi ya boriki inayozuia vijidudu visizaane. Chombo cha barafu cha kubebea chanjo kinajulikana na kila muuguzi. Kikopo kilichofungwa vyema, katika mfuko wake, ndani ya chombo kingine cha namna hiyo kisichochanganywa na chanjo, kingeokoa majibu mengi.

Baada ya kuota, vijidudu huwekewa vidonge vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Dawa inayofaa huzungukwa na uwanja mtupu. Isiyofaa, vijidudu humea hadi ukingoni mwake. Huu ndio ushahidi ambao mwuza dawa hana. Uchunguzi mkubwa uitwao HATUA, ulioanza mwaka 2018 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulipima mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuwa na dalili za maradhi haya. Iliyoota vijidudu vya kuthibitisha maradhi ilikuwa kama theluthi moja tu. Na katika vijidudu vilivyoota, yapata nusu vilikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Maana yake ni kwamba katika kila watu watatu wanaokwenda kununua dawa kwa kuungua, wawili huenda hawana maradhi wanayoyatibu. Na yule mmoja aliye nayo, dawa aliyouziwa huenda haimwui adui yake. Dawa nusu iliyonunuliwa Busia upande mmoja, na nusu nyingine upande wa pili kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, ndiyo inayovifundisha vijidudu ujanja huo. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kumeza vidonge viwili vitatu kabla ya kutoa mkojo amekwisha kuuharibu ushahidi: mkojo hautaotesha kitu, na maradhi bado yamo. Akiwa amemeza, aseme.

Lakini usaha ukiwa mwingi na kisahani hakioti kitu, na mgonjwa hakumeza dawa yoyote, daktari mwenye uangalifu haridhiki. Kifua kikuu huweza kukaa katika figo, nacho hakioti katika visahani vya kawaida. Na baadhi ya maradhi ya zinaa ni hivyo hivyo.

Limebaki neno kwa wazee wanaume. Wako waliokuwa safu ya kwanza msikitini ambao sasa husali nyumbani, kwa sababu mkojo huwatoka matone na wanaona haya juu ya tohara yao. Fiqhi imewawekea wepesi wenye udhuru huo, na Mashekhe waliopo hapa wataueleza vizuri zaidi. Upande wa tiba, mwanamume mwenye umri huo akianza kudondokwa, au kukojoa kwa kukata kata, asipewe dawa ya vijidudu na kurudishwa. Tezi dume hukua kwa umri na kuuzuia mkojo, na mkojo uliozuiwa ndio shamba la vijidudu. Kwake yeye mkojo huoteshwa, sukari hupimwa, na tezi huchunguzwa. Kinyume chake pia ni kweli. Wako wazee, wanaume kwa wanawake, na wenye kisukari, na waliowekewa mpira wa mkojo, ambao vijidudu hukaa katika mikojo yao bila ya kuwadhuru. Kijiti kikibadilika rangi kwa mzee asiyeungua, asiye na homa wala maumivu, hiyo peke yake si sababu ya kumpa dawa. Mjamzito ndiye aliyetengwa na kanuni hiyo, kwa sababu iliyokwisha kutajwa.

Mgonjwa anapopewa karatasi ya majibu na aitazame kabla ya kuondoka dirishani. Iwe na jina lake, tarehe, saa ambayo mkojo ulitolewa na saa uliyopokewa, kijidudu kilichoota na idadi yake, na orodha ya dawa zilizofaa na zisizofaa. Karatasi hiyo aitunze pamoja na kadi ya kliniki ya watoto, kwani maradhi haya hurudi, na daktari wa mara ya pili, awe Tororo, Mbale au ng'ambo ya mpaka, ataiomba. Ikiwa homa haijashuka baada ya siku mbili za dawa, au ubavu unauma zaidi, au mjamzito ametetemeka kwa baridi, asingoje siku ya soko. Aende hospitali siku ile ile, na karatasi yake mkononi.